Tulivyokwenda Nakuru Kumalizia Blanketi

Simu ilinipata Jumapili nikitoka kanisani, hapa kwetu Mbale, Vihiga. Aliyepiga alisema anaitwa Mama Apondi, yuko Kaptembwo, Nakuru, na kwamba alifanya kazi miaka mingi na baba yangu katika kiwanda cha blanketi.

"Wewe ndiye Mmbone? Yule mtoto alikuwa analia akisikia king'ora?" Akacheka. "Sikia, mama. Kiwanda imeuzwa. Jumatatu, si hii ya kesho, ile ingine, mashine zote zinang'olewa, zinaenda kwa watu wa vyuma. Lakini kuna chuo ya ufundi hapa town inataka moja, bora iwe inafanya kazi. Wanakuja kuangalia Jumamosi. Sasa mwambie baba yako mashine yake iko pale tu. Na ile blanketi alikuwa anafuma siku tulifungiwa, bado iko juu yake. Nusu."

Nilibaki nimesimama kando ya barabara na simu mkononi. Nilikuwa na miaka saba kiwanda kilipofungwa na sisi tukarudi nyumbani. Sasa nina miaka arobaini na mmoja. Muda huo wote, kumbe kuna blanketi la baba yangu limekaa Nakuru likisubiri nusu yake.

Baba ana miaka sabini na sita. Sikio la kushoto halisikii kitu, la kulia linasikia ukilisogelea na kupaza sauti. Tangu arudi hakuwahi kukanyaga Nakuru tena, na ukimwuliza habari za huko alikuwa akiinuka na kwenda kuangalia ng'ombe. Mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto habari za viwanda vya nchi za mbali hadi nikazijua kwa kichwa, lakini baba yangu alifanya nini hasa na mikono yake, sikuweza kukueleza.

Nilimkuta chini ya dirisha akipukuchua mahindi. Nikamwinamia sikioni nikampigia kelele maneno ya Mama Apondi, moja baada ya jingine. Akapukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Kisha akauliza, "Mashine namba ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nikapiga simu tena. "Kumi na saba," Mama Apondi akasema.

"Kumi na saba!" nikapiga kelele.

Baba akakung'uta mapaja yake, akasimama. "Tunaondoka siku gani?"

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka na Probox ya kaka yangu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Baba alivaa koti lake la harusi na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikang'aa. Nyuma aliweka mfuko wa mboga za kienyeji, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kisanduku cha bati ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa.

Tulishuka Kisumu jua likichomoza, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, tukaanza kupanda. Kericho tulifika kama saa tatu na nusu. Chai ilikuwa imelala milimani kama mkeka uliotandikwa na mtu mwenye subira, na wachumaji walikuwa wamezama ndani yake hadi kiunoni. Nilisimamisha gari tukanywa chai ya maziwa na kula mandazi. Baba alikunywa haraka, akasimama kando ya gari kunisubiri. Sikuwahi kumwona ana haraka.

Baada ya Londiani baridi ilianza kuingia kupitia mpasuko wa dirisha. Tulipofika Mau Summit, ukungu ulikuwa bado umekaa barabarani na watu wa pale walikuwa wamejifunga shuka na makoti mazito. Ndipo Baba akaanza kuzungumza, bila kuulizwa.

"Hapa ndipo blanketi linaanza kuwa na maana," alisema. "Huko kwetu mtu analala na shuka. Hapa bila blanketi unaamka umekauka."

Akanyoosha kidole dirishani. Kwenye mteremko kulikuwa na kondoo, wachafu kwa tope la mvua. "Unaona wale? Sufu ilitoka hapa juu, Molo, Elburgon. Pamba ilitoka kule chini, Kisumu, upande wa ziwa. Sufu inashuka, pamba inapanda, zote kwa reli. Zinakutana wapi? Nakuru! Reli ndiyo ilizifunga pamoja." Akafunga fundo hewani kwa vidole viwili, upesi hivi kwamba sikuona lilivyofungwa.

Kutoka hapo hakunyamaza tena. Salgaa nilikuwa katikati ya malori mawili makubwa, mikono inanitoka jasho kwenye usukani, naye ananieleza blanketi za kijivu zilikuwa za shule za bweni na hospitali, za mistari zilikuwa za kuuzwa madukani, na zile nyekundu zilikuwa za wakwe. "Mtu wa kwetu magharibi hakuoa bila kupeleka blanketi kwa bibi ya msichana," alisema. "Mimi nimeozesha nusu ya Bunyore na sijulikani."

Nilicheka mpaka dereva wa lori akanitazama.

Nakuru tuliingia saa saba. Ni jiji sasa, lina maghorofa ya vioo na foleni ya magari inayoanzia mbali. Ziwa lilionekana chini kulia, limepanuka, linameremeta. Wageni wote wanaoingia mji huu hutazama ziwa kwanza. Baba alitazama upande wa pili, juu ya mapaa, akitafuta kitu. "Palikuwa na bomba za moshi," alisema. Kisha akaziona, mbili, nyembamba, hazitoi kitu. Akazihesabu kwa kidole. "Moja imeondoka."

Kaptembwo ni mtaa wa upande wa magharibi, nyumba zimebanana, boda boda zinapita kila mahali, na kila ukuta una mtu anayeuza kitu mbele yake. Niliegesha gari karibu na kibanda cha mkaa. Ng'ambo ya barabara, mlangoni pa nyumba ya mabati, alisimama mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha njano kichwani. Nilijua ndiye Mama Apondi. Nikatarajia ataita jina la Baba au atavuka.

Hakuita. Aliinua mkono juu ya vichwa vya watu, akagusa kidevu, akageuza kiganja mara mbili. Baba naye akashuka garini, akainua mkono wake, akagonga kifundo cha mkono, akachora duara. Midomo yao ilikuwa inacheza bila sauti. Wakaenda hivyo labda dakika nzima, boda boda zikipita katikati yao, halafu wote wawili wakaangua kicheko.

"Ameniuliza nimechelewa nini," Baba akaniambia. "Nimemwambia basi la zamu lilinipita."

Huko ndani, tukila ugali na kuku wetu, nikaelezwa. Ndani ya kiwanda kelele ya mashine ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hasikii. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa mikono na midomo. Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakalenjin, na mafundi wa Kihindi waliokuwa wakitengeneza mitambo, wote walijua lugha ile moja. Watu walitongozana kwa lugha ile, wakagombana na kupatana kwa lugha ile, na msimamizi akiwa anapita katikati yao haambulii neno.

"Tulimsema mbele yake hapo," Mama Apondi alisema. "Anafikiri tunajikuna!"

Nilimwuliza swali ambalo lilikuwa limeanza kunichoma. Jioni zote za utoto wangu, Baba akiingia nyumbani kutoka shamba, alikuwa akipitisha vidole viwili juu ya mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, huku akitutazama. Tulidhani anajipangusa vumbi.

Mama Apondi aliweka tonge chini. "Hiyo? Hiyo ni ya mwisho wa siku. Mashine zikizimwa, kila mtu anauliza mwenzake. Ni kusema: zamu imeisha, nyinyi wote wazima?"

"Na jibu lake?"

Akaweka kiganja kifuani, katikati.

Miaka yote ile alituuliza kila jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu. Nikamgeukia Baba, ambaye hakuwa amesikia mazungumzo haya na alikuwa anapambana na shingo ya kuku. Nikamgusa bega. Alipoinua macho nikaweka kiganja kifuani. Alinitazama, akamtazama Mama Apondi, akanitazama tena. Halafu akaangalia sahani yake na kuendelea kula, polepole sana, na Mama Apondi akainuka kwenda kutafuta chumvi iliyokuwa mezani.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulitembea kwenda kiwandani kwa miguu. Baba ndiye aliyetaka. Zamani mtaa mzima ulitembea njia hiyo, wengine wakienda, wengine wakirudi, na wanawake wa uji walijipanga kando.

Getini alitusubiri mwenye funguo. Nilitarajia mlinzi, nikakuta mama wa Kisikh wa miaka hamsini hivi, amevaa suruali ya kazi na shali ya kijani, bisibisi mfukoni. Anaitwa Manjit na ana karakana mjini ya kusuka upya mota za umeme zilizoungua. Watu wanamwita Mama Mota. Baba yake alikuwa fundi umeme wa kiwanda hiki.

"Mzee, mimi nakumbuka wewe," alimwambia Baba, akiwa amemsogelea sikio la kulia moja kwa moja bila kuelekezwa. "Mimi nilikuwa naleta daddy chakula. Wewe ulikuwa unanipa nyuzi za rangi, nafunga kwa nywele."

"Ulikuwa unakimbia kimbia kati ya mashine," Baba alisema. "Nikamwambia baba yako akufunge kamba."

"Alinifunga!"

Yeye ndiye aliyemwomba mnunuzi wa jengo, ambaye anataka kulifanya ghala la chakula cha mifugo, asubiri hadi Jumatatu. Na ndiye aliyekwenda chuoni kuwashawishi. Mota ya mashine namba kumi na saba alikuwa ameshaisuka upya kwa mikono yake.

Ndani kulikuwa kukubwa na kwenye ubaridi. Njiwa waliruka juu ya mbao za paa. Mashine zilisimama kwa safu, zimefunikwa vumbi mpaka zote zikawa rangi moja. Baba hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akageuka kushoto, akasimama. Tukavuta karatasi ya nailoni iliyoifunika.

Blanketi lilikuwepo. Kijivu, na mstari mwekundu kando, limefumwa hadi katikati, na baada ya hapo nyuzi tupu za pamba zimenyooka kuelekea nyuma ya mashine. Nyuzi hizo zinazotangulia kutandikwa ndizo huitwa mtande. Ule unaopita katikati yake kwenda na kurudi ni mshindio. Baba alipitisha kiganja juu ya sehemu iliyofumwa, akakifikisha pale ilipoishia.

"Nilikwenda kunywa chai," alisema. "Tukarudi, geti lina mnyororo."

Akavua koti. Akafungua kile kisanduku cha bati: mkasi, ndoana ndogo ya chuma, kipande cha nta. Alizunguka mashine kwa nusu saa akigusa, akinusa, akisukuma, halafu akatutolea hukumu. Nyuzi nyingi za mtande zimekatika au zimeliwa na panya, itabidi ziungwe moja moja. Hakuna uzi wa sufu wa mshindio. Na ukanda wa ngozi unaorusha shato umekauka na kupasuka. Shato ni kile kipande cha mti kilichochongoka pande mbili, kinachobeba uzi na kuruka nacho kutoka upande huu hadi ule. Bila ukanda, shato hairuki.

"Kwa hiyo haiwezekani?" niliuliza kwa kelele.

Alinishangaa. "Nimesema haiwezekani? Nimesema itabidi."

Mchana nilichukua boda boda kwenda Rhonda, mtaa wa jirani, kumtafuta fundi wa viatu. Nilimpata kijana mmoja kwenye kibanda kilichojaa soli.

"Sasa mathe. Hii ni ya begi?" aliuliza, akigeuza ukanda uliopasuka.

Nikamweleza.

"Wacha! Ile kiwanda? Shosh, nyanya yangu, alikuwa huko, upande wa kuosha sufu." Akatupa kando kiatu alichokuwa akishona, akavuta kutoka chini ya meza kipande cha ngozi nene ya ng'ombe. "Hii nilikuwa nimeweka ya kazi maalum. Sijui nilikuwa nangoja gani. Ngoja nikushonee mara mbili, ikikatika uniletee mimi mwenyewe nipigwe."

Niliporudi, Baba na Mama Apondi walikuwa wamekaa uso kwa uso, mashine katikati yao, wakifunga mafundo. Uzi uliokatika hapa, uzi mpya pale, zungusha, pitisha, vuta, kata. Baba alimaliza matatu wakati macho yangu yanatafuta moja. Nikamwuliza Mama Apondi amejifunzia wapi, maana nilikuwa nimesikia wanawake waliwekwa upande wa kuzungushia nyuzi tu.

Akamwashiria Baba kwa kidevu. "Huyu hapa. Niliomba kufuma, msimamizi akanicheka mbele ya watu. Baba yako hakusema kitu. Kesho yake saa ya lunch akaniambia kwa mikono: njoo. Watu wakienda kula, baba ya Manjit anaacha stima bila kuzima, mimi nafuma. Miezi mitatu bila chakula ya mchana, wote watatu."

"Hawakuwashika?"

"Walitushika! Baba yako alisimamishwa kazi wiki mbili. Lakini siku hiyo walinikuta kwa mashine, blanketi yangu ilikuwa imetoka safi. Msimamizi aliiangalia pande zote akakosa kasoro. Kukawa na kazi nyingi ya shule, watu hawatoshi, wakaniita. Nyuma yangu wakaingia wanawake wengine. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza hapa." Akafunga fundo. "Huyo mzee hajawahi kukuambia?"

Nilivuta kiti nikaomba nifundishwe lile fundo. Jioni nilikuwa nimefunga kumi na moja, na Baba alikata tisa akafunga upya.

Ijumaa tuliwaacha na mafundo yao, mimi na Manjit tukaenda Molo kutafuta uzi. Barabara ilipanda kupitia Njoro na Elburgon, kwenye mashamba ya viazi na nyumba za mbao, hewa ikizidi kuwa nyepesi na baridi. Manjit alizungumza mikono yote miwili ikiwa hewani, nami nikashukuru kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani.

"Watu wote wanasema Nakuru flamingo, Nakuru flamingo," alisema. "Flamingo ikihama watasema nini? Mimi nimezaliwa hapa, daddy amezaliwa hapa, nani aliunda hii mji? Ni hao watu walikuwa wanatoka kazini na sufu kwa nywele. Nataka mtoto wa hapa aingie mahali aone ile kitu ikitembea. Si picha. Ikitembea."

Huko Molo kuna kikundi cha wanawake wanaosokota sufu kwa magurudumu ya mkono. Mwenyekiti wao, Mama Njeri, alipokea kipande cha uzi ambacho Baba alikuwa amenipa kama mfano, akakifumua kwa kucha, akakiweka kwenye mwanga.

"Huyu aliyetaka hii anajua kazi," alisema. "Rangi ya kijivu sina. Nina nyeupe ya kondoo mwenyewe."

"Nyeupe itafaa," Manjit akasema.

"Basi nipeni mpaka saa nane." Akawageukia wenzake. "Wamama, wekeni hiyo sweta chini. Kuna blanketi inangojewa Nakuru."

Magurudumu manne yakaanza kuzunguka kwa pamoja. Tuliondoka na mfuko mzima wa uzi wenye harufu ya mafuta ya kondoo, na tulipofika kiwandani saa kumi na moja, Baba na Mama Apondi walikuwa wanafunga nyuzi za mwisho. Vidole vyao vilikuwa vimechanika. Hakuna aliyetaka kuondoka kwanza.

Jumamosi, saa nne, Bi Chebet wa chuo alifika. Ni mwanamke kijana, mpole, aliyebeba daftari. Alisalimia kila mtu kwa heshima, akasema wazi kwamba chuo kina nafasi ya mashine moja tu na mkuu wake hataki mapambo.

Manjit akawasha. Mota ikaunguruma, taa ikapungua nguvu kidogo, na Baba akasukuma mkono wa kuanzishia. Mashine ilipiga hatua moja, mbili, tatu. Halafu mlio mkali, na shato ikaruka nje kabisa, ikapita kando ya bega la Bi Chebet, ikagonga ukuta. Njiwa wote wakatoka. Manjit akazima.

Mashine hiyo ingeweza kumtoa mtu jicho. Bi Chebet alishika daftari kifuani, akamsogelea Baba. "Mzee, si lazima. Umejitahidi sana."

Baba hakumsikia. Alikuwa ameketi sakafuni, akifungua kamba za viatu vyake vilivyong'aa. Akavua, akavua na soksi, akasimama pekupeku juu ya saruji ile baridi. Akamwashiria Manjit: washa mota peke yake. Ikaunguruma. Baba akafumba macho. Ndipo nikaelewa: alikuwa anaisikiliza kwa nyayo. Akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mzunguko mzima, akisimama pale alipohisi kitu. Kisha akamfanyia Mama Apondi ishara, kidole kimoja kikapimwa dhidi ya kingine.

"Ukanda ni mrefu kwa kidole moja," Mama Apondi akasema. "Anasema ngozi mpya imevutika."

Wakaufupisha. Baba alituamuru sote tusimame nyuma ya nguzo. Akasukuma mkono.

Sijui niwaeleze vipi kelele ile. Iliingia kupitia miguu, ikapanda hadi kwenye meno. Shato ilikwenda na kurudi na macho hayaioni, unaona tu blanketi linakua, mstari mweupe juu ya kijivu, kisha mweupe zaidi, upana wa kidole, upana wa kiganja. Manjit alikuwa anaruka kama msichana wa shule. Nilikuwa napiga kelele, najua kwa sababu koo liliniuma baadaye, lakini sikusikia sauti yangu. Bi Chebet naye mdomo ulikuwa wazi. Na Baba yangu, mzee anayeulizwa jambo mara tatu nyumbani akajibu jingine, alikuwa anazungumza! Mikono yake ilienda upesi, midomo ikacheza, Mama Apondi akamjibu kutoka upande wa pili, wakatania, wakalaumiana, wakacheka. Humo ndani sisi ndio tulikuwa viziwi.

Katikati ya sehemu iliyobaki Baba alisimamisha mashine, akatoka mahali pake, akamwonyesha Mama Apondi kwa mkono: njoo. Mama Apondi alijifuta viganja kwenye sketi. Yeye ndiye aliyefuma hadi mwisho.

Walipolikata, Bi Chebet alisema watalitundika ukutani chuoni. Nilimpelekea Baba maneno hayo sikioni. Akakunja uso.

"Blanketi si la kutundikwa. Ni la kujifunika." Akalikunja mara nne, akampa Mama Apondi. "Zamu hii umeimaliza wewe."

Mama Apondi alilipokea kwa mikono yote miwili na kuficha uso wake ndani yake.

Bi Chebet alikuwa ameshaandika kitu kwenye daftari na kukipigia mstari. "Mashine tunaichukua," alisema. "Lakini nina shida sasa. Nina wanafunzi wa mitindo, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuiendesha. Nani atatufundisha?"

Nilipaza sauti nikimrudia Baba swali hilo. Alimtazama Mama Apondi. Vidole vikaenda, vikarudi. Sikuhitaji mkalimani.

Jumapili asubuhi nilipakia gari peke yangu. Baba alikuwa amepewa chumba kwa mtoto wa kiume wa Mama Apondi, na Manjit alikuwa ameahidi kuihamisha mashine mwenyewe, siku ya Jumatatu, Baba akiwa amekaa mbele ya lori kuhakikisha hawaigongi. Nilimwuliza atarudi nyumbani lini.

"Wakijua kufunga fundo," alisema. "Kwa jinsi ulivyofunga wewe, watachukua muda."

Nilipanda Salgaa, nikapita Mau Summit, kiti cha kando kikiwa kitupu na kichwa changu kimejaa. Nilikuwa nimekwenda Nakuru nikidhani nampeleka mzee kuaga mashine. Nilijua mji ule kwa ziwa lake na ndege wake, kama mnavyoujua ninyi. Sasa najua ulifumwa, kwa sufu ya juu na pamba ya chini, na watu waliotoka vijiji kama chetu wakaja kutengeneza lugha yao wenyewe katikati ya kelele. Wengi bado wapo, kwenye nyumba za mabati za Kaptembwo na Rhonda. Hawajasahau kitu. Wanangoja tu mtu apige simu.

Mbale nilifika saa tisa na nusu. Kaka yangu alitoka kuangalia gari lake, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akachungulia hadi kiti cha nyuma.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza, sauti imeshaanza kubadilika.

"Tulia," nikamwambia. "Yuko kazini."